Unga wa Magoti

Mimi na mama mkwe wangu tuligombana tangu wiki ya kwanza ya ndoa yangu, na tulichogombania kilikuwa chumvi. Alisema nimeizidisha kwenye dengu. Nikamjibu kwamba kilichozidi ni ulimi wake. Wanawake waliokuwa uani wakaziba midomo kwa mitandio wakingoja nizabwe kofi, lakini yeye alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu atakaa," akasema. Nikakaa kweli, miaka ishirini na miwili. Bado nimo katika nyumba yake hapa kijijini Kot Dulla, na nitayasimulia mambo yalivyokuwa, kwa sababu yanasimuliwa vingine na mimi nimechoka kuitikia.

Jina lake lilikuwa Bachint Kaur. Sisi tulimwita Bebe, na kijiji kizima kikafuata. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyekamua nyati wa kufugwa maisha yake yote. Kila asubuhi, tangu alipoletwa kijijini akiwa bibi arusi, alikwenda gurdwara, nyumba yetu ya ibada, kusukuma chapati za langar, chakula kile wanachopewa wote wanaoingia, awe tajiri awe mpita njia. Nafasi yake ilikuwa kushoto kwa bamba la chuma la kuchomea chapati, sakafuni, miguu ameikunja. Habari zote za kijiji zilipita pale kwanza: nani ana mimba, mtoto wa nani kapata viza ya Kanada, binti wa nani kamkataa mchumba. Ukimwondoa Bebe pale ulikuwa umemmaliza.

Magoti yalianza kumwasi alipofika miaka sitini na minne. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu. Alishuka kitandani akasimama kidogo, ungedhani anakumbuka kitu alichokisahau, kumbe anangoja magoti yakubali. Kisha ikawa ngazi. Kisha ikawa choo, maana choo chetu ni cha kuchuchumaa, na siku moja nilimkuta ameshikilia ndoo, hawezi kuinuka, anatukana.

"Usiniangalie," akaniambia. "Niinue, halafu usahau."

Nilimwinua. Kusahau sikuweza.

Tulianza na yale tunayoyajua sote. Nilichemsha mafuta ya haradali na vitunguu saumu nikamkanda. Nilimpikia uwatu kwa samli na sukari guru, akala bakuli zima akasema magoti hayajasikia kitu ila tumbo limeshukuru. Nilimfunga mchanga wa moto ndani ya kitambaa. Kisha tukaingia kwenye vidonge vya dukani, vile vyekundu ambavyo muuzaji anakukatia bila kukuuliza jina. Hivyo vilimsaidia kwa miezi miwili, halafu vikamchoma tumbo mpaka akaanza kutoa choo cheusi, tukaviacha kwa hofu.

Mume wangu Nirbhai ndiye mwanawe wa pekee wa kiume, mtu mpole asiyeweza kumwambia hapana mwanamke yeyote wa nyumba ile, na sisi wawili tulimtumia vilivyo. Nilimwambia atupeleke hospitali ya mjini, akatupeleka. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alimpiga Bebe picha za magoti akatuonyesha.

"Mama, gegedu la ndani ya goti limelika," alisema. "Mfupa unasugua mfupa. Halirudi, nisikudanganye. Ila maumivu yenyewe tunaweza kuyapunguza."

Akampa dawa ya kupaka, na vidonge laini vya kumeza siku zile mbaya. Akamwonyesha jinsi ya kunyoosha mguu akiwa amekaa, ahesabu mpaka kumi, aushushe, ili misuli ya mapaja ipate nguvu ya kubeba goti. Akasema atumie fimbo. Akasema pia kuna upasuaji, siku za mbele, mambo yakizidi. Yote hayo Bebe aliyapokea kwa kutikisa kichwa. Kisha daktari akasema neno lililoharibu kila kitu.

"Na sakafuni usikae tena, mama. Kaa kwenye kiti."

Bebe akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, umeolewa?"

"Bado, mama."

"Ndiyo maana."

Si kwamba gurdwara haina viti. Vipo, sita, vya plastiki, vimepangwa ukutani kwa ajili ya wazee wasioweza kukunja miguu. Lakini kwetu watu hula chini, mstari mmoja, mwenye shamba kubwa na mfagiaji bega kwa bega, na hiyo ndiyo maana yenyewe ya kula pale. Anayekaa juu hakatazwi, ila anajiona. Na kulikuwa na tatizo kubwa zaidi. Miaka yote ile Bebe mwenyewe ndiye aliyevipachika viti vile jina. Aliviita Bunge. Mzee akikaa pale, Bebe alipaza sauti kutoka kwenye chapati zake, "Mheshimiwa, tupitishie bajeti!" na jiko zima linaangua kicheko.

Alijaribu siku moja. Nilimshika mkono mpaka kwenye kiti cha mwisho, akakaa, fimbo katikati ya miguu. Jirani yetu Tejo, rafiki yake wa kufa na kuzikana, hakuweza kujizuia. "Mheshimiwa Bachint Kaur amewasili!" akapiga kelele. Watu wakacheka, na Bebe akacheka nao. Tulipofika nyumbani aliegemeza fimbo nyuma ya mlango na hakwenda tena.

Miezi mitatu alikaa kwenye kitanda cha kamba uani. Mazoezi ya daktari aliyafanya siku nne. Dawa ya kupaka alisema inanuka minti, yeye si chai. Tejo alikuja kuomba radhi, akaletewa maziwa ya mtindi na kuambiwa hakuna kilichoharibika. Lakini asubuhi kipaza sauti cha gurdwara kikianza, Bebe aligeuza uso ukutani. Siku moja nilimsikia akilia kwenye banda la nyati, analia polepole, anaongea na yule jike mkubwa: "Wewe umezaa mara saba na bado unainuka." Nilirudi nyuma bila kukohoa.

Kwa hiyo nataka ifahamike kwamba aliyeuleta unga ni mimi.

Nilisikia habari zake kwenye harusi, kwa binamu yangu. Ng'ambo ya mfereji kulikuwa na mganga, walimwita Vaidji, aliyewasimamisha watu waliokuwa wakitambaa. Nikampandisha Bebe kwenye gari la jirani tukaenda. Vaidji alikuwa mtu msafi, mwenye sauti ya taratibu. Goti hakuligusa. Alishika mkono wa Bebe, akafumba macho, akasikiliza mapigo, akasema upepo umeingia kwenye viungo. Kisha akatupimia unga wa kahawia unaonukia iliki, akaufunga kwenye vipande vya karatasi za madaftari ya shule. Kila asubuhi pakiti moja na maziwa ya moto.

"Kuna nini ndani?" nikauliza, maana mimi ni mtu wa kuuliza.

"Mizizi tupu, dada. Haina madhara hata kwa mtoto."

Siku ya pili Bebe alilala mpaka jua likatoka. Siku ya tatu nilikuwa nakanda unga nikasikia hatua nyuma yangu, na sikugeuka kwa sababu hazikuwa hatua ninazozijua. Alikuwa yeye. Alikuwa amejifunga mtandio mweupe wa gurdwara.

"Unaniangalia nini? Twende," akasema. "Chapati zangu wamezifanya kama ramani ya nchi."

Alitembea mwenyewe. Alipanda zile ngazi tano bila kushika ukuta. Mbele ya Guru Granth Sahib, kitabu chetu kitakatifu, alipiga magoti, akainamisha paji la uso mpaka sakafuni, akakaa hivyo muda mrefu. Nilinyoosha mikono nikijua nitamwinua. Akainuka peke yake. Tejo akaangusha beseni la vitunguu, akamkumbatia, wakalia wote wawili kama mabinti, halafu Bebe akamsukuma akaenda kukaa kushoto kwa bamba la chuma, miguu ameikunja. Nami nililia, na sioni haya kusema. Sijawahi kuona kitu kizuri kuliko kile.

Baada ya hapo mambo yalikwenda harakaharaka. Hamu ya kula ikamrudia. Akawa anadai samli kwenye chapati na chapati ya pili baada ya ile ya mwisho. Mashavu yakajaa, yakawa mekundu, uso ukawa mviringo. Kwetu tuna neno moja tu, siha, kwa ajili ya uzima na kwa ajili ya unene. Mtu akinenepa unamwambia siha imemjia, naye anafurahi. Kijiji kizima kilimwambia hivyo Bebe. Binti yake Mindo, aliyeolewa huko Bathinda, alipiga simu ya picha akapiga yowe, "Mama, siha hiyo! Umekuwa bibi arusi!" Na mimi nilisimama nyuma nikijitapa, maana mama mkwe mnene ni sifa ya mke wa mwana. Nilipomwogesha niliona mikono yake imekonda na ina michubuko ya zambarau, hata pale nilipomshika kidogo tu. Nikasema ni uzee. Nundu ikaota nyuma ya shingo, nikasema ni samli. Miezi kumi na minne nilikwenda ng'ambo ya mfereji kufuata pakiti, na sikukosa hata mara moja.

Siku ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yetu, mwezi wa Novemba, madaktari walikuja kupima watu bure kwenye uwanja wa gurdwara. Bebe alikuwa ndani anasukuma chapati za watu elfu. Mimi na Tejo tulikaa nje kwenye mkeka tukisubiri kupimwa macho. Daktari mmoja kijana, mwenye kilemba cha buluu, akashika kipaza sauti.

"Nataka niseme na wazee wenye maumivu ya magoti," alianza. "Kuna watu wanawauzia unga usio na jina. Wanawaambia ni mizizi. Mwingi wa unga huo umechanganywa na steroidi, dawa kali ambayo hata sisi tunaipima kwa uangalifu. Maumivu yanaondoka siku ya pili au ya tatu, mnaona muujiza. Halafu uso unavimba na kuwa mviringo, mashavu yanakuwa mekundu."

Niligeuza macho kwenye mlango wa jiko.

"Nyama inajaa nyuma ya shingo," akaendelea. "Mikono inakonda. Ngozi inapata michubuko kwa kuguswa tu. Mnaambiana ni siha. Sio siha hiyo, wazazi wangu. Ni sumu ya polepole."

Sikungoja amalize. Niliinuka na kuchukua viatu vyangu, Tejo akiniuliza naenda wapi, nami simjibu. Njia nzima nilikuwa namtukana Vaidji kwa matusi niliyofundishwa na Bebe mwenyewe. Pakiti zilikuwa kwenye kopo la biskuti chini ya mashali yake, kama ishirini hivi. Nilizitupa zote jikoni kwenye moto, na kopo nikalitupa jaani. Moto ukanukia iliki. Nilijisikia vizuri. Lazima niliseme hilo pia, kwamba nilijisikia nimeokoa mtu.

Kesho yake asubuhi Bebe aliketi kitandani na glasi yake ya maziwa.

"We Kulbir! Kopo langu liko wapi?"

"Nimelitupa."

"Umelitupa wapi, nikaliokote?"

"Unga nimeuchoma, Bebe. Una sumu ndani. Daktari kasema jana, mbele ya watu wote." Nikamweleza yote, uso, shingo, michubuko. Nikamshika mkono kumwonyesha, akauchomoa.

"Sumu gani hiyo inayonisujudisha? Nikatembee kwa magoti ya daktari?"

"Uso wako umevimba."

"Uso wangu umenona! Wewe mwenyewe ulisema. Uliwaambia watu kwenye simu, 'Siha imemrudia Bebe, ni mikono yangu hii iliyomlisha.' Leo nimevimba?"

Nikaanza kukunja blanketi lake. Akalivuta.

"Nakujua mimi. Nilipokuwa nabebwa kwenda chooni ulikuwa malkia wa nyumba hii. Sasa natembea, huna wa kumtawala."

Lilinichoma, kwa sababu ndani yake kulikuwa na chembe ya kweli, na yeye alijua mahali pa kuchoma. Nikamjibu kwa hasira. Nilimwambia, "Basi utembee nao huo unga wako mpaka kwenye kuni za kuchomea maiti." Tuliwahi kuambiana makubwa kuliko hayo, tukacheka jioni yake. Safari hii hakuna aliyecheka.

Siku ile maumivu yalirudi, na hayakurudi magotini peke yake. Yalimshika mabega, vidole, kiuno. Siku ya pili alimwita Nirbhai pembeni akamwomba aende ng'ambo ya mfereji. Nirbhai akachukua funguo za pikipiki. Nikasimama mlangoni.

"Ukimletea hata pakiti moja," nikamwambia, "utanifuata kwa baba yangu, na sirudi."

Akatazama funguo, akanitazama mimi, akamtazama mama yake. Akazirudisha kwenye msumari.

Siku ya tatu Bebe alikataa chapati. Alisema mwili wote umekuwa maji. Nilimpa dawa ile ya kupaka ya hospitali na vidonge vile laini, nikamkanda, nikakaa naye, sikumwacha. Nilikuwa nimejipangia kila kitu kichwani. Uchafu unatoka, nilijiambia, kama walevi wanavyotetemeka wakiacha pombe. Watatetemeka, watalia, usiwahurumie, siku moja wanaamka wazima. Nani aliniambia hivyo? Hakuna. Niliwahi kumwona mjomba wangu akiacha kasumba, basi, nikajifanya mjuzi.

Siku ya nne akaanza kutapika. Tejo aliingia, akamwona, akasema mbona rangi imemtoka.

"Mwili unajisafisha," nikamwambia.

"Sawa, mwenzangu, lakini mbona..."

"Unajisafisha, Tejo."

Siku ya tano Bebe hakuwa tena na nguvu za kugombana. Hilo peke yake lingenishtua, kama ningekuwa na akili. Nilikuwa namfuta uso kwa kitambaa cha maji, akanishika kidole.

"Kulbir, nipe kidogo tu. Robo ya pakiti. Sitamwambia mtu."

"Vumilia, Bebe. Bado kidogo. Unasafika."

Akanitazama muda mrefu. Macho yale yalikuwa yamenitisha nikiwa bibi arusi, na sasa hayakuwa na ukali wowote. "Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma." Nimesoma mpaka darasa la nane. Akafumba macho na hakuomba tena.

Asubuhi ya siku ya sita nilimletea chai nikamkuta na jasho la baridi, midomo ya kijivu, hajui aliko, ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nirbhai alimbeba mikononi mpaka kwenye gari. Alikuwa mzito, na bado Nirbhai alikimbia.

Hospitalini walimtundikia maji, wakamchoma sindano, wakatutoa nje. Muda si mrefu daktari wa zamu akatoka, mtu mzima mwenye miwani iliyoshuka puani, akauliza alikuwa anatumia dawa gani. Nikamwambia. Nikamwambia pia siku ngapi tangu ziishe. Akavua miwani.

"Mwili ukizoea dawa hii unaacha kutengeneza ile ya kwake," alisema. "Ukiunyang'anya ghafla, mwili unabaki hauna kitu, presha inaanguka. Inapunguzwa kidogo kidogo, kwa miezi, chini ya daktari. Nani aliisimamisha?"

Nilifungua mdomo. Nirbhai akanitangulia.

"Aliacha mwenyewe," alisema. Alikuwa anatazama sakafu. "Mama alikuwa mkaidi."

Daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuwaona wakaidi wengi. Nami nilikaa kimya. Mimi, Kulbir, niliyemjibu mama mkwe wangu wiki ya kwanza ya ndoa, nilikaa kimya. Bebe alifariki kabla ya saa saba mchana.

Tulimchoma kesho yake. Kisha shuka zikatandikwa sebuleni, na wanawake wakaja kukaa chini na sisi, siku baada ya siku, kama ilivyo desturi. Kila aliyekuja aliuliza ilikuwaje, na kabla sijameza mate kulikuwa na mtu wa kumjibu. Aliacha dawa mwenyewe. Alisikia ina sumu akaitupa, hakuuliza mtu. Unamjua Bebe. Hapo wote walitikisa vichwa, wengine wakacheka kidogo katikati ya machozi, wakaanza kusimulia ukaidi wake, mara ile alipogomea sensa, mara ile alipomfukuza afisa wa umeme kwa mpini wa jembe. Hadithi zilikuwa za kweli na zilikuwa nzuri. Ndiyo maana uongo wetu ulikaa vizuri katikati yake.

Siku ya nne Tejo alikaa karibu nami, akaongea kwa sauti ya chini.

"Jambo moja linanitafuna," akasema. "Yule kijana wa kilemba cha buluu, mwishoni alirudia mara tatu. Wanaotumia unga huo wasiuache ghafla. Wasiutupe. Waje nao pale mezani kwake, awapunguzie taratibu. Mara tatu, mwenzangu. Nilidhani ulisikia. Kisha nikakumbuka ulikuwa umekwisha kuondoka."

Sikuweza kumtazama.

"Ningekuja kukwambia siku ileile," aliendelea. "Lakini zilikuwa chapati, na wageni, nikasema Kulbir anajua mambo yake. Halafu siku ile ukanijibu vile, nikaogopa kujitia." Alinitazama kwa muda, nami nadhani alijua. Kisha akamimina maji kwenye glasi, akaniwekea mkononi, akavifunga vidole vyangu juu yake. Hakusema kitu tena, wala hajasema mpaka leo.

Baada ya maombi ya siku ya kumi, watu walipokwisha kula na kutawanyika, Mindo alijiandaa kurudi Bathinda. Nilimfungia mashali mawili ya mama yake na bangili zake za chuma. Nirbhai alikuwa ameshika mlango wa gari. Mindo ana uso wa Bebe, uleule mkavu wa zamani, kabla ya unga, na nilikuwa nimemkwepa siku zote kumi. Sasa hapakuwa na pa kumkwepa. Akanikumbatia akanibana kwa nguvu.

"Wifi, nakushukuru," alisema akilia begani kwangu. "Mimi binti yake sikumfanyia hata robo ya uliyomfanyia. Ulimwogesha, ulimlisha, ulimbeba. Laiti angekusikiliza."

Nirbhai aliinua macho akanitazama. Yalikuwa yananiomba.

"Safiri salama, wifi," nikasema.

Gari likaondoka. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatulia, na Nirbhai akaniambia niingie ndani, kuna baridi. Sikuingia. Mama yako alinisikiliza, Mindo. Aliniomba, nikamkatalia, akanisikiliza.